Barua ya wazi kwa wenye bwawa la kuogelea tunalopeleka watoto wetu Dodoma: wekeni ukomo wa tiketi

Kisasa, Dodoma
6 Januari 2025

Kwa Mmiliki na Menejimenti,
Hoteli yenye bwawa la kuogelea la familia,
Jijini Dodoma.

YAH: UCHAFU WA MAJI NA MSONGAMANO WA WATU KATIKA BWAWA LA FAMILIA

Ndugu Mmiliki, pamoja na ndugu wote wa menejimenti,

Salaam, na heri ya mwaka mpya. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Jina la hoteli sijaliandika. Wenyewe mtajitambua, na meneja wenu wa zamu anazifahamu barua zangu kwa sababu alizipokea kwa mkono wake. Nilianza kwa kumweleza kwa mdomo. Nikaandika kwenye daftari la maoni lililopo mapokezi. Nikaandika barua rasmi, ikagongwa muhuri wa kupokelewa na ikaishia hapo. Nikatuma ujumbe kwenye namba ya simu iliyo kwenye bango lenu la barabarani, ukasomwa, ukanyamaziwa. Desemba 26 nikamfuata meneja getini nikamwomba asimamishe kuuza tiketi hata kwa saa moja ili watu wapungue majini. Alinijibu kwa adabu kwamba hana mamlaka hayo. Mwenye mamlaka ni wewe, Ndugu Mmiliki. Kwa kuwa njia za ndani hazikukufikia, nakuandikia hadharani, na wazazi wenzangu wasome.

Nieleweke mapema: siombi bwawa lifungwe. Nalihitaji. Mji wetu hauna bahari wala ziwa la kumpeleka mtoto Jumamosi akajifunza kuogelea. Maji mengi ambayo watoto wa huku wanakutana nayo ni bwawa la Hombolo, ni lile la Mtera kwa waliosafiri, ama ni malambo na mashimo ya mchanga yanayojaa mvua zikinyesha, na huko hakuna wa kuwafundisha wala wa kuwaokoa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka Desemba 2024 inakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Bwawa lenye maji safi, kina kinachojulikana na mtu makini wa kuangalia ni huduma kubwa kwa jiji hili, na ninyi mlikuwa kati ya wachache waliothubutu kuitoa kwa bei ambayo familia ya kawaida inaimudu. Hilo nawashukuru kwa dhati.

Jiji nalo limekua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa manispaa. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Wizara zimehamia, vyuo vimejaa, na tangu Julai 2024 treni ya SGR inaleta Dodoma familia za Dar es Salaam na Morogoro kuwatembelea ndugu zao. Wote hao wakiuliza watoto wapelekwe wapi sikukuu, wanaelekezwa kwenu. Bwawa ni lile lile, pampu ni ile ile. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Mnauza tiketi bila ukomo

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na mengine mengi yatakayofuata yanazaliwa nalo.

Bwawa la wakubwa lina urefu wa meta 20 na upana wa meta 10, kama mlivyoandika wenyewe kwenye ukuta. Desemba 26 mchana, upande wa kina kifupi watoto walikuwa wamesimama bega kwa bega. Hapakuwa na aliyekuwa akiogelea, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kunyoosha mkono. Waliokuwa wanaruka kutoka ukingoni walitua juu ya wenzao, na kijana mmoja alitoka majini damu zikimtoka puani. Wakati huo foleni getini ilikuwa inagusa barabara, na dirisha la tiketi liko wazi.

Mikanda ya karatasi mnayotufunga mkononi ina namba za mfululizo, na dada wa dirishani aliniambia kila asubuhi mnaanzia 001. Saa nane mchana mkanda wa mwanangu ulikuwa 412. Sisemi watu 412 walikuwa majini kwa pamoja. Wapo waliokuwa wamekaa kwenye viti na wapo waliokuwa wameshaondoka. Tuchukue robo yao tu. Ni zaidi ya watu 100 ndani ya meta za mraba 200.

Je, bwawa kama lenu linahimili watu wangapi? Hili lina hesabu, na mtu yeyote anaweza kuipiga. Mdogo wangu anafanya kazi kwenye meli ya kitalii inayobeba familia katika bahari ya Karibi, kitengo cha usafi wa sitaha, yalipo mabwawa. Meli hizo nazo zinasongamana. Icon of the Seas, iliyokuwa kubwa kuliko zote ilipoanza safari Januari 2024, ina mabwawa saba na inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000, wengi wao wazazi na watoto. Zinapoingia bandari za Marekani hukaguliwa na mpango maalumu wa usafi wa meli ulio chini ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC, ulioanza miaka ya 1970. Kanuni yao ya bwawa ni hii: mtu mmoja kwa kila lita 19 za maji zinazopita kwenye chujio kwa dakika. Kinachoangaliwa ni uwezo wa pampu kuyasafisha maji. Idadi hiyo huandikwa kwenye kibao pale pale bwawani, kila abiria aione.

Bamba la pampu yenu limeandikwa meta za ujazo 36 kwa saa, yaani lita 600 kwa dakika. Gawa kwa 19. Ni watu 31.

Mkisema hicho ni kipimo cha meli za Wamarekani, kipo kingine kilicho laini zaidi. Mwongozo wa mabwawa wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataja mfano wa Uingereza: kwenye kina cha meta 1 hadi 1.5, kila mtu apate eneo la meta za mraba 2.7. Kwa bwawa lenu ni watu 74. Na pampu ile ile, kwa maji ya bwawa lenye ukubwa huo na kina cha wastani wa meta moja na nusu hivi, inahitaji saa nane kuyapitisha yote kwenye chujio mara moja. Uchafu wanaouingiza watu zaidi ya 100 kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni hauna pa kwenda siku hiyo. Unabaki majini pamoja na watoto wetu.

2. Maji yanachafuka mbele ya macho yetu

Saa tatu asubuhi mistari ya vigae vya bluu iliyo sakafuni inaonekana vizuri hadi upande wa kina kirefu. Ikifika saa saba mchana haionekani hata pale maji yanapomfika mtu mzima kiunoni. Nilishusha mguu wangu kwenye ngazi, nikaona vidole vinapotea kwenye kipandio cha tatu. Kwenye usawa wa maji, vigae vya ukingoni vina utando. Ukipitisha kidole kinarudi na ute wa kijani wenye kuteleza. Ute huo haukuota siku moja.

Wahudumu wanatuambia harufu kali inayowasha pua ni dalili kwamba dawa ipo ya kutosha. Naomba mwaelimishe, kwa sababu wanatuambia kinyume cha ukweli, na nina hakika wanafanya hivyo kwa nia njema. Klorini, yaani hiyo dawa ya kuua vijidudu, ikiwa safi na ya kutosha hainuki vile. Harufu ile hutoka pale klorini inapokutana na jasho na mkojo ikageuka kuwa kloramini. Hizo kloramini ndizo zinazowafanya watoto watoke na macho mekundu na kikohozi, na klorini iliyokwisha kugeuka hivyo ina nguvu ndogo sana ya kuua vijidudu. Bwawa linalonuka sana linatuambia limezidiwa na watu.

Halafu lipo jua. Bwawa lenu halina kivuli, na dawa mnaweka mara moja tu, alfajiri. Jua la mchana huivunja klorini isiyo na kinga kiasi kwamba sehemu kubwa yake inaweza kupotea ndani ya saa mbili. Maji yetu ya visima nayo ni magumu, yenye chumvi, na pH yake, yaani kipimo cha uasidi au umagadi wa maji, hupanda kirahisi. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iko katika hali yenye makali ya kuua vijidudu. Ikifika 8, inabaki karibu robo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linahimiza pH ya 7.2 hadi 7.8 kwa mabwawa yanayotumia klorini, na ndiyo maana kumwaga dawa bila kupima ni kubahatisha. Nimeuliza mara nyingi kama kuna anayepima maji mchana. Sijawahi kuonyeshwa kipimo wala daftari. Kile kipimo kidogo cha matone na vichupa viwili, kinachobadilika rangi ya njano na nyekundu, si kitu cha kumshinda mwenye hoteli.

3. Bwawa la watoto

Hapa naandika kwa uchungu zaidi, mniwie radhi.

Bwawa la watoto ni dogo, maji yanafika magotini, yana joto la jua mchana kutwa, na ndiyo wanakoingia watoto wa nepi. Nepi za kawaida zikilowa hazizuii kitu. Desemba 26 mtoto alijisaidia humo. Hilo ni la kutarajiwa kwa mtoto, wala simlaumu mama yake. Ninacholaumu ni kilichofuata. Mhudumu alikuja na ndoo, akachota kilichoonekana, akamwaga kikombe cha dawa pembeni, akaondoka. Watoto walirudi majini papo hapo, mmoja wao akiendelea kunywa maji yale kwa kikopo cha kuchezea.

Klorini haiui kila kitu kwa mpigo. Ikiwa miligramu moja kwa lita, na pH iko sawa, bakteria wa E. koli hufa ndani ya dakika moja. Kirusi cha homa ya ini aina ya A huchukua kama dakika 16. Kimelea cha tumbo kiitwacho giadia, kama dakika 45. Kimelea kingine, kriptosporidiamu, kinacholeta kuhara maji maji, huweza kuishi zaidi ya siku 10. Mwongozo wa CDC kwa tukio la choo kigumu ni kuwatoa watu wote, kuhakikisha klorini ni miligramu 2 kwa lita, na kusubiri dakika 25. Kwa choo cha kuhara, klorini hupandishwa hadi miligramu 20 kwa lita kwa saa 12 na dakika 45, na bwawa hufungwa muda wote huo. Kule kwenye meli, mtoto wa nepi haruhusiwi kabisa kuingia kwenye bwawa ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake. Mdogo wangu anasema abiria hununa, wengine hupiga kelele, na watoto hutolewa hivyo hivyo.

Mtoto wangu wa mwisho aliharisha siku chache baada ya sikukuu. Sina karatasi ya maabara inayosema ni maji yenu, na sitawasingizia. Nasema tu kwamba maji yale hayakuwa na kinga, na mimi nililipa kiingilio nikiamini yanayo.

4. Chumba cha pampu kiko wazi

Mlango wake unatazamana na njia ya vyoo vya watoto, na haufungwi. Ndivyo nilivyoweza kusoma bamba la pampu. Ndani kuna ndoo ya klorini ya unga isiyo na mfuniko, kikombe cha plastiki cha chai kimetumbukizwa humo kama kipimo, na kando yake galoni la asidi. Klorini na asidi zikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Mtoto wa miaka minne anaweza kuzifikia zote mbili. Hili halihitaji kikao. Linahitaji kufuli, leo.

5. Hakuna mwenye kazi moja tu ya kuangalia majini

Kijana mliyemweka bwawani ni mchapakazi, na naomba barua hii isimponze. Lakini ndiye huyo huyo anayepanga viti, anayekusanya chupa za soda, anayeagizwa chipsi jikoni na anayeweka dawa. Hana filimbi. Boya la kuokolea limefungwa kwa kamba ya manila kwenye nguzo kwa fundo ambalo mimi nilijaribu kulifungua nikashindwa. Na mnajua, au mnapaswa kujua, kwamba mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hana pumzi ya kupigia kelele. Anazama kimya, katikati ya wenzake, huku spika zikiunguruma. Kwenye maji ambayo sakafu haionekani, aliyelala chini hataonekana mpaka mtu amkanyage.

Ndiyo maana nasema ukungu wa maji na wingi wa watu si mambo mawili tofauti. Kila kimoja kinamficha mtoto, na siku ya sikukuu vinakuwepo vyote viwili.

6. Bafu za kuogea kabla ya kuingia

Zipo mbili. Moja haitoi maji. Nyingine ina foleni, na hakuna anayesimama hapo kumwambia mtu aoge kwanza.

Sasa, majibu ambayo meneja amewahi kunipa, na mengine ninayoyatarajia.

Mtasema Dodoma maji ni ya shida. Ni kweli. Mimi pia nina simtanki nyumbani na najua maana ya mgawo, na najua boza moja linauzwaje bomba likikauka. Lakini sijawaomba mmwage bwawa zima kila wiki. Bwawa linaloendeshwa vizuri halimwagwi ovyo; maji yale yale huzungushwa, huchujwa, hupimwa na kuongezwa kidogo. Linalozidiwa na watu ndilo linalofikia mahali pa kumwagwa lote. Mji wenye uhaba wa maji una sababu zaidi ya kuweka ukomo wa waogaji.

Mtasema wazazi wenyewe hawafuati masharti, na wengine huingia na mafuta mwilini na nguo za nyumbani. Hilo nalo ni kweli, na nawaambia wazazi wenzangu mnaosoma: muogesheni mtoto kabla, mpelekeni chooni kila baada ya muda, na kama anaharisha, abaki nyumbani hata kama alishaahidiwa. Lakini, Ndugu Mmiliki, masharti yenu yamebandikwa nyuma ya friji la soda. Mwenye geti ndiye anayeweza kumzuia mtu. Mzazi mwenzake hawezi.

Mtasema ni sikukuu tu, siku nyingine pana nafasi. Sikukuu ndiyo siku watoto wanakuja. Barabara ya Iringa ikiwa salama siku zote isipokuwa wikiendi ya Pasaka, hakuna atakayeiita salama.

Mtasema mkipunguza watu mtapata hasara. Hapa nimejaribu kuwafikiria kama mfanyabiashara. Gaweni siku vipindi vitatu, kila kipindi saa mbili na nusu, na mikanda ya rangi tofauti. Tayari mikanda mnayo. Watu waweke nafasi kwa simu na walipe kwa simu kabla ya kuja, kama tunavyokata tiketi za basi na za treni. Kiingilio chenu cha sasa ni shilingi 10,000 kwa mtoto. Mkipandisha hadi 12,000 mkaniwekea ukomo wa watu na namba za klorini ubaoni, nitalipa, na wazazi niliozungumza nao wa Kisasa, Ipagala na Area C wanasema hivyo hivyo. Familia iliyokosa nafasi Desemba 26 itakuja Desemba 27. Familia ambayo mtoto wake aliugua hairudi, na inawaambia majirani.

Na mtasema hakuna aliyewaletea kiwango cha kufuata. Kiwango nimekiandika humu, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauuzwi, unapatikana bure. Isitoshe, Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maafisa afya uwezo wa kukagua na kuchukua hatua pale afya za watu zinapohatarishwa. Hamhitaji kusubiri wabishe hodi.

Ninachoomba ni hiki.

Chumba cha pampu kifungwe na kemikali zitenganishwe mara mpatapo barua hii. Kabla bwawa halijafunguliwa wikiendi ijayo, pawe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia majini na si nyingine, mwenye filimbi, aliyefundishwa kuokoa na kumpulizia pumzi aliyezama, na boya litoke kwenye lile fundo.

Kabla ya Idi el Fitri, ambayo mwaka huu itakuwa mwishoni mwa Machi, wekeni ukomo wa watu majini na muuandike kwa herufi kubwa getini na ukingoni. Kwa pampu mliyo nayo sasa, naomba usizidi 31. Mkitaka zaidi, ongezeni pampu na chujio, na hata hapo msivuke 74. Ukomo ukifika, dirisha lifungwe mpaka kipindi kinachofuata, hata kama aliyesimama dirishani ni rafiki wa menejimenti.

Tarehe hiyo hiyo, pawe na ubao ukingoni unaoonyesha klorini, pH, saa ya kupima na jina la aliyepima: kabla ya kufungua, na kila baada ya saa mbili mpaka jioni. Sakafu isipoonekana, watu watoke, bila kujadiliana. Bwawa la watoto liwe na pampu na chujio lake lenyewe, na nepi zisiruhusiwe mpaka hilo litimie. Tukio la choo lifuate utaratibu wa dakika na saa nilioutaja, na waliolipa warudishiwe pesa yao au wapewe kipindi kingine. Bafu zote mbili zitoe maji.

Nakala ya barua hii naipeleka kwa wenye dhamana ya afya ya mazingira jijini. Nao nawaomba jambo moja. Mpango wa ukaguzi wa meli nilioutaja hufika bila taarifa, hutoa alama kati ya 100, na meli inayopata chini ya 86 imefeli. Alama hizo hutangazwa, abiria yeyote anazisoma kabla ya kununua tiketi. Mabwawa ya kulipia ya Dodoma si mengi. Kuyakagua yote kabla ya kila sikukuu na kubandika matokeo getini ni kazi inayowezekana. Mzazi akishasoma alama, ataamua mwenyewe.

Ndugu Mmiliki, niko tayari kuja ofisini kwako siku na saa utakayopanga, na wazazi wengine wako tayari kuja nami. Tukikubaliana, nitaandika tena hapa hapa kuwaeleza wasomaji mlichobadilisha. Mkinyamaza mpaka Idi ifike, nitasimama upande wa pili wa barabara, mkabala na geti lenu, na nakala za barua hii mkononi, nimpe kila mzazi anayeingia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa watoto watatu na mteja wenu,
Kisasa, Dodoma.

Nakala: Maafisa afya ya mazingira, Jiji la Dodoma.